Kibali cha Jana, Mtambo wa Leo

Mkaguzi akifika kwenye kiwanda cha petrokemikali, huwekewa majalada mezani kabla hajavaa kofia ngumu. Kuna cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, leseni ya kuhifadhi kemikali, hati za vipimo vya matangi na vyombo vya shinikizo, orodha ya mafunzo ya wafanyakazi, na mpango wa dharura wenye mihuri. Kila karatasi ni ya kweli, kwa maana kwamba iko siku ilikuwa ya kweli. Kiwanda kinachoelezwa humo ni kile kilichokuwapo siku mhandisi alipoandika ripoti yake na ofisa akaitia saini. Tangu hapo valvu moja imeondolewa ikawekwa ya aina nyingine, king'ora kimoja kimezimwa kwa kuwa kilikuwa kikilia ovyo, fundi aliyeujua mtambo tangu unajengwa amestaafu na nafasi yake haijajazwa, na matengenezo ya mwaka huu yamesogezwa hadi mwakani kwa kukosa fedha.

Hoja yangu iko hapo. Ukisoma ripoti za uchunguzi wa ajali kubwa za sekta hii kwa nusu karne iliyopita, ni mara chache utakuta kwamba mzizi wake ulikuwa kukosa kibali. Mzizi huwa ni umbali uliojitokeza kati ya kiwanda kilichoidhinishwa na kiwanda kinachoendeshwa. Kusimamia utii wa sheria za usalama na mazingira ni kazi ya kuupima umbali huo kila siku na kuufupisha. Sheria nyingi, na ofisi nyingi zinazozisimamia, zimejengwa kwa ajili ya siku ya saini.

Somo la kwanza, na bado ndilo lililo wazi kuliko yote, lilitoka Flixborough, mashariki mwa Uingereza. Kiwanda cha Nypro kilitengeneza malighafi ya nailoni kwa kupitisha saikloheksani yenye joto na shinikizo katika vinu sita vilivyopangwa kwa kushuka, kila kimoja chini kidogo ya kilichokitangulia. Mwishoni mwa Machi 1974 kinu cha tano kilikutwa na ufa mrefu, kikaondolewa. Ili uzalishaji usisimame, mafundi waliunganisha kinu cha nne na cha sita kwa bomba la muda la inchi 20, ilhali matundu ya vinu yalikuwa ya inchi 28. Mchoro wa kazi hiyo ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Mhandisi wa kiwanda alikuwa ameondoka mapema mwaka ule na hakuwa amepata mrithi, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa ngazi hiyo wa kuuliza bomba lenye kona mbili lingefanya nini shinikizo likipanda. Lilidumu miezi miwili. Alasiri ya Jumamosi, tarehe 1 Juni, liliachia, wingu la mvuke likawaka, na watu 28 wakafa. Ingekuwa siku ya kazi ya kawaida, ofisi zikiwa zimejaa, vifo vingehesabiwa kwa mamia.

Kutokana na misiba ya namna hiyo sekta ilijifunza kitu kinachoitwa usimamizi wa mabadiliko. Kanuni yake inaelezeka kwa maneno machache: ukiondoa kifaa ukaweka kingine kisichofanana nacho kwa kila hali, usiwashe mtambo hadi mtu mwenye ujuzi awe amelichunguza badiliko hilo, ameandika hatari zake na ametia saini, na likiwa badiliko la muda, liandikiwe tarehe ya kufa. Marekani iliiingiza kanuni hii katika sheria mwaka 1992, ikiwa moja ya vipengele 14 vya kiwango chake cha usalama wa michakato ya kemikali. Kiwango hicho kilizaliwa baada ya msiba wa Bhopal, India, na baada ya mlipuko wa kiwanda cha plastiki cha Phillips huko Pasadena, Texas, ulioua watu 23 mwezi Oktoba 1989.

Kwenye karatasi kanuni hii inaonekana nyepesi. Ugumu wake ni kulitambua badiliko lenyewe. Bomba jipya linaonekana kwa macho. Badiliko la saa za kazi, la bajeti, la idadi ya watu katika zamu, la mahali wahandisi wanapokaa, halina rangi wala kelele, na mara nyingi halipiti kwenye fomu yoyote. Bhopal ndiyo mfano mchungu zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, maji yaliingia kwenye tangi la methili isosianati katika kiwanda cha dawa za kuulia wadudu cha Union Carbide, na tani zipatazo 40 za gesi yenye sumu zikashuka juu ya mji uliolala. Kiwanda kilikuwa na ulinzi wa tabaka kadhaa. Kulikuwa na mtambo wa kulipoza tangi; ulikuwa umezimwa tangu Juni mwaka huo. Kulikuwa na mnara wa kuchomea gesi. Bomba lake lilikuwa limefunguliwa kwa matengenezo. Kulikuwa na chombo cha kuosha gesi kabla haijatoka; kilikuwa kimewekwa kando. Wafanyakazi wa zamu katika kitengo hicho walikuwa wamepunguzwa. Kila uamuzi kati ya hayo ulikuwa na sababu ya kifedha ambayo meneja angeweza kuitetea mbele ya wakubwa wake, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kikipata hasara. Hakuna aliyeyakusanya yote kwenye meza moja akauliza yakijumlishwa yamebakiza nini. Serikali ya jimbo la Madhya Pradesh ilithibitisha vifo 3,787, na wako wengi wanaoamini idadi halisi ni kubwa mara kadhaa.

Kwa sisi tunaoitazama gesi ya kusini mwa Tanzania, mfano wa kusomwa kwa makini zaidi ni Longford, katika jimbo la Victoria, Australia. Hapo Esso ilikuwa ikichakata gesi kutoka baharini. Mwaka 1992 kampuni iliwahamisha wahandisi wake kutoka kiwandani kwenda Melbourne. Ulikuwa uamuzi wa utawala, na haukutazamwa kama badiliko la usalama. Uchambuzi wa hatari wa mtambo ule mkongwe ulikuwa umepangwa, ukaahirishwa, haukufanyika. Tarehe 25 Septemba 1998 pampu za mafuta ya moto yaliyokuwa yakipasha kifaa kimoja zilisimama, na chuma cha kifaa hicho kikapoa hadi nyuzi zipatazo 48 chini ya sifuri. Barafu ikatokeza nje ya bomba. Chuma cha aina ile kikipoa kiasi hicho hupoteza unyumbukaji na huvunjika kirahisi, lakini waendeshaji waliokuwapo hawakuwa wamefundishwa hilo, na mhandisi ambaye angelijua alikuwa mji mwingine. Walirudisha mafuta ya moto. Chuma kikapasuka, wafanyakazi wawili wakafa, wanane wakajeruhiwa, na jimbo zima likakaa karibu wiki mbili likihangaika bila gesi.

Esso iliwatupia lawama waendeshaji. Tume ya uchunguzi ilikataa. Iliona kosa katika mafunzo na usimamizi wa kampuni yenyewe. Na kuna jambo ambalo kila meneja wa utii wa sheria angepaswa kulibandika ukutani: miezi michache kabla ya mlipuko, ukaguzi ulioendeshwa na kampuni mama ulikuwa umeusifu mfumo wa usalama wa Longford. Wakaguzi waliukagua mfumo, wakaukuta umekamilika. Mfumo ulikuwa na kurasa zake zote. Mtambo wa gesi unaopangwa kujengwa Likong'o, Lindi, utaipoza gesi hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Anayeandaa masharti yake na asome ripoti ya Longford kabla ya kusoma jedwali la mapato.

Kisa cha Texas City kinaongeza jambo lingine, nalo ni kipimo. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha BP kilikuwa kikijipima kwa idadi ya wafanyakazi walioumia hadi kukosa siku za kazi: aliyeteleza, aliyejikata kidole, aliyeanguka ngazini. Kwa kipimo hicho kilionekana kinaendelea vizuri. Mchana wa tarehe 23 Machi 2005, kundi la wafanyakazi wa wakandarasi lilirudi kwenye vibanda vyao baada ya chakula cha pamoja cha kusherehekea mwezi mzima bila mtu kuumia kiasi cha kukosa siku ya kazi. Karibu yao, waendeshaji walikuwa wakiwasha mtambo uliosimamishwa kwa matengenezo. Mnara wenye urefu wa futi 170 ulijazwa karibu hadi juu, ilhali kifaa cha kuonyesha kina cha mafuta kiliweza kupima sehemu ya chini tu, na kiliendelea kuonyesha kwamba mafuta yanapungua. Waendeshaji walikuwa wamefanya kazi zamu za saa 12 kwa siku 29 au zaidi mfululizo. Mafuta yalifurika, yakapita valvu za usalama, yakatoka kwenye bomba refu lililo wazi kama chemchemi na kuwaka. Watu 15 walikufa, wote wakiwa ndani ya vibanda vile au karibu navyo, na 180 wakajeruhiwa.

Lile bomba lililo wazi ndilo linaloniumiza kila nikiisoma ripoti. Ilijulikana kwa miaka mingi kwamba gesi ya namna ile inapaswa kwenda kwenye mnara wa kuchomea. Mwaka 1992 mamlaka ya usalama kazini ya Marekani ilikitaja chombo chenye bomba kama hilo katika kiwanda kilekile kuwa si salama. Shauri likamalizwa kwa maridhiano na hoja ikaondolewa. Mwaka 1997 Amoco, iliyokuwa ikimiliki kiwanda kabla ya BP, iliking'oa chombo kilichochakaa ikaweka kingine cha namna ileile. Kwa macho ya kanuni hilo halikuwa badiliko, maana kifaa kimefanana na kifaa. Hapa kanuni nzuri iligeuka kuwa kichaka: kinachofanana na kibovu hakihitaji fomu. Na vibanda vya wakandarasi vilifunguliwa fomu ya badiliko, ila hoja zilizotakiwa kufungwa kabla watu hawajaingia zilikuwa bado wazi siku walipoingia.

Baada ya hapo sekta ilianza kutofautisha usalama wa mtu na usalama wa mchakato. Taasisi ya Petroli ya Marekani ilitoa mwaka 2010 mwongozo unaotaka viwanda vihesabu pia mivujo midogo, mara ambazo valvu za dharura zimefunguka, na ukaguzi wa vifaa uliopitiliza tarehe yake. Namba hizi hazipendezi kwenye ripoti ya mwaka. Lakini ukinipa kiwanda chenye bango la siku elfu bila ajali langoni, nami nikaona ndani kwamba theluthi moja ya vipimo vya vyombo vya shinikizo imepita muda, nitaamini vipimo.

Huenda msomaji akasema Afrika Mashariki haina viwanda vya petrokemikali vya kiasi hicho. Kweli, plastiki yetu nyingi huja ikiwa punje ndani ya magunia. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilisimama mwaka 2013, na TIPER ya Kigamboni, iliyokuwa ya kusafisha, leo ni ya kuhifadhi. Lakini hifadhi ni sehemu ya sekta hiihii, na hatari zake zinafanana. Alfajiri ya tarehe 11 Desemba 2005, petroli ilikuwa ikiingia kwenye tangi moja la ghala la Buncefield, kaskazini mwa London. Geji ilikuwa imekwama. Swichi ya mwisho, iliyowekwa mahususi kuzuia tangi kufurika, haikufanya kazi kwa kukosa kufuli ndogo. Swichi ile ilikuwa na mkono wa kuijaribia, na kufuli hiyo ndiyo iliyopaswa kuushika mkono mahali pake. Waliokuwa wakiitumia hawakuelezwa vya kutosha kazi ya kufuli; ilidhaniwa ni ya kuzuia watu wasiichezee. Bila kufuli, swichi ilikuwa pambo. Mlipuko ulivunja majengo ya jirani na moto ukawaka kwa siku kadhaa. Watu 43 walijeruhiwa, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili alfajiri hakufa hata mmoja. Kurasini, Kigamboni na Shimanzi kuna matangi yanayojazwa usiku, yakiwa na geji na swichi za namna hiyo. Leseni itakuambia swichi ipo. Swali lenye maana ni nani aliijaribu mara ya mwisho, lini, na kama aliurudisha mkono wake mahali pake.

Upande wa mazingira, umbali kati ya karatasi na mtambo huonekana kwenye namba. Kiwanda kikubwa kina valvu, viungo na pampu kwa maelfu, na kila kimoja kinaweza kuvuja kidogo kidogo bila kelele. Kupima kila kimoja ni kazi kubwa, kwa hiyo kwa miaka mingi viwanda vimekuwa vikikadiria: zidisha idadi ya valvu kwa kiwango cha wastani, andika jibu, peleka kwa mamlaka. Mwaka 2000 wanasayansi walirusha ndege zenye vyombo vya kupimia juu ya Houston na viwanda vyake. Walichokikuta hewani hakikulingana na vitabu. Gesi kama ethilini na propilini zilikuwa nyingi kuliko zilivyoripotiwa, kwa vipimo vingine hata mara kumi. Hakuna aliyelazimika kudanganya ili hilo litokee. Kila mmoja alijaza fomu kama ilivyoelekezwa, na fomu ilikuwa ikieleza kiwanda cha wastani ambacho hakipo popote duniani.

Dawa iliyokuja baadaye ni rahisi, nami naipenda kwa urahisi wake. Tangu kanuni ya mwaka 2015, viwanda vya kusafishia mafuta vya Marekani hulazimika kutundika vijibomba vidogo vya kunasa hewa kuzunguka mpaka wote wa kiwanda, kuvibadilisha kila baada ya wiki mbili, na kupima benzeni iliyonaswa. Benzeni husababisha saratani ya damu, na hupatikana kwenye petroli ya kawaida. Wastani wa mwaka, baada ya kutoa benzeni inayotoka kwingine, ukizidi mikrogramu 9 kwa mita moja ya ujazo, kiwanda kinatakiwa kutafuta chanzo na kukiziba, na namba huwekwa hadharani. Kijibomba hakijali leseni inasema nini. Kinapima hewa inayovuka ukuta kwenda kwa jirani. Hakihitaji umeme wala teknolojia ya ajabu. Hakuna sababu ya kiufundi inayozuia vifaa vya namna hii kuwa kwenye kuta za maghala ya Kigamboni na Changamwe, na kwenye matangi ya Chongoleani, Tanga, zinakoishia zile kilomita 1,443 za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima.

Kuna mgongano mmoja ambao vitabu vya mafunzo huupita haraka mno. Ofisa mazingira anataka mnara wa kuchomea gesi uwake kidogo, maana moshi wake ni uchafuzi. Ofisa usalama anataka uwe tayari kumeza gesi yote wakati wowote, maana ndio mlango wa mwisho wa dharura. Wakati wa kuwasha na kuzima mtambo, mambo haya mawili hugongana kabisa: ndiyo saa za hatari kubwa zaidi kwa watu na ndiyo saa za moshi mwingi zaidi. Kwa miaka mingi kanuni za Marekani zilivisamehe viwanda uchafuzi wa saa hizo, hadi mahakama ya rufaa ilipoutengua msamaha huo mwaka 2008. Uamuzi ulikuwa wa haki kwa majirani, lakini unadai umakini, kwa sababu mwendeshaji anayeogopa faini ya moshi anaweza kusita kufungua gesi dakika ambayo hapaswi kusita. Ndiyo maana siamini katika idara mbili zinazokaa ghorofa tofauti, moja ya mazingira na nyingine ya usalama, kila moja na fomu zake. Badiliko la valvu moja lisomwe na macho yote mawili kabla ya saini.

Mgawanyo huohuo uko serikalini. Mwenye ghala la gesi au mafuta nchini Tanzania hukutana na OSHA kwa usalama wa wafanyakazi, NEMC kwa mazingira, EWURA kwa leseni ya biashara ya mafuta, Mkemia Mkuu wa Serikali kwa kemikali, Zimamoto kwa moto, na halmashauri kwa mengineyo. Wafanyabiashara wamelalamika kwa miaka juu ya tozo na ziara zinazorudiana, na mpango wa Serikali wa kuboresha mazingira ya biashara, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, ulikusudia kupunguza mzigo huo. Malalamiko yana haki. Lakini hofu yangu ni kwamba katika kupunguza tutakata kisichotakiwa. Tozo sita zinaweza kuwa moja. Jicho la mhandisi anayeelewa vyombo vya shinikizo halina mbadala. Ofisi inayoishi kwa tozo huhesabu ziara, na ziara ya kukusanya stakabadhi humalizika mapema.

Tumeshaona ofisi zisiposomana kinachotokea. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ya kupikia ililipuka katika mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi. Watu walikufa, mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati, EPRA, ilieleza kwamba mwaka uliotangulia ilikataa mara tatu maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali pale, kwa kuwa michoro haikutimiza masharti ya umbali wa usalama na eneo lilikuwa limejaa makazi. Wakati huohuo mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikuwa imetoa leseni, ambayo baadaye yenyewe ilikiri kuwa ilitolewa kinyume cha utaratibu, na maofisa wake wakasimamishwa kazi. Ofisi moja ilikataa, nyingine ikakubali, na hapakuwa na daftari moja ambalo ndiyo na hapana zingekutana zikazuia lori.

Umoja wa Ulaya umejaribu njia ya kuyaleta pamoja mambo haya. Tarehe 10 Julai 1976 kinu cha kiwanda cha ICMESA, karibu na Seveso, Italia, kilitoa wingu lenye dioksini. Wakazi wa kwanza walihamishwa zaidi ya wiki mbili baadaye. Kutokana na aibu hiyo likaja agizo la Seveso la mwaka 1982, likarekebishwa mwaka 1996 na tena 2012. Kiwanda chenye kemikali nyingi za hatari huandika ripoti ya usalama inayothibitisha kwamba mwenyewe anazijua hatari zake na anazidhibiti. Ripoti hupitiwa upya angalau kila miaka mitano, na kwa kawaida ukaguzi wa viwanda vya ngazi ya juu ni kila mwaka. Uingereza nayo, baada ya jukwaa la Piper Alpha kuungua Julai 1988 na kuua watu 167, iliondoa usimamizi wa usalama baharini kutoka wizara ya nishati, iliyokuwa pia na jukumu la kukuza uzalishaji, ikaupeleka kwenye mamlaka ya usalama. Tanzania ilichukua hatua inayokaribiana na hiyo kwa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, iliyoiacha TPDC iwe kampuni ya taifa na kuunda PURA iwe mdhibiti.

Mfumo wa ripoti ya usalama una sharti moja zito: lazima serikalini kuwe na mtu anayeweza kuisoma na kubisha. Ripoti ya mtambo wa gesi ina kurasa kwa maelfu na imeandikwa na wataalamu wanaolipwa vizuri. Mkaguzi asiyewahi kuona kinu kikifunguliwa atahesabu sura na kuangalia kama sahihi zipo. Hali ni ileile kwenye ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka, ambao kanuni za Kenya na Tanzania huuacha ufanywe na mtaalamu aliyesajiliwa lakini anayelipwa na mwenye kiwanda. Wako wataalamu waaminifu, nao hufanya kazi ngumu. Lakini mpangilio wenyewe unakaribisha funika kombe mwanaharamu apite, maana anayeandika ukweli mchungu mwaka huu huenda asiitwe mwakani. Mamlaka ingeweza kupokea ada, kumteua mtaalamu yenyewe na kumlipa. Gharama kwa kiwanda isingebadilika.

Na mkaguzi akifika, aanze kwa kuomba vitu vitatu kabla ya majalada: daftari la mabadiliko ya miezi 12 iliyopita, yakiwamo ya watu na ya bajeti, orodha ya vipimo na matengenezo yaliyopitiliza tarehe, na jina la aliyeidhinisha kila moja liahirishwe, na orodha ya ving'ora na swichi zilizozimwa au kurukwa siku hiyohiyo, zamu hiyohiyo. Kisha aende chumba cha kuongozea mitambo, amuulize mwendeshaji, si meneja. Daftari la mabadiliko likiwa tupu, hiyo si habari njema. Hakuna mtambo unaokaa mwaka mzima bila kubadilika.

Jirani naye ana haki ya kujua. Bhopal, watu walikimbia bila kujua gesi ile ni nini wala waelekee wapi, na madaktari hawakuwa na maelezo ya sumu waliyoitibu. Mwaka 1986 Marekani ilitunga sheria inayovilazimisha viwanda kuwaeleza wananchi kemikali vinazohifadhi na vinazotoa. Kwetu, tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliingia mtaroni katika mtaa wa Sinai, Nairobi, wakazi wakaenda kuichota, ikawaka na kuua watu wapatao 100. Mpango wa dharura wa kampuni unaolala kabatini kwa Kiingereza hauwezi kumfikia mama anayekaa mita hamsini kutoka ukutani. Uandikwe kwa Kiswahili, kurasa mbili tu, useme kuna nini ndani, king'ora kikoje, upepo ukivuma hivi kimbilia wapi, nani wa kupigiwa simu, na usichote kamwe. Nakala ikae ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji, na mazoezi yafanywe na wakazi angalau mara moja kwa mwaka. Kiwanda kikiongeza tangi au kikibadili kemikali, nakala hiyo ibadilishwe kabla tangi halijajazwa.